Magoti Yangu Iko Chini

Kiirua,
14 Januari 2024

Kwa mwanangu Kiunga,

Nakusalimu. Huku tumeamka salama, baridi ya mlimani haijaua mtu bado, na ng'ombe amezaa ndama jike. Wewe je? Unalala wapi, unakula nini, na hao wanaokuzunguka wanalitamka jina lako sawasawa?

Usishtuke kuona barua yangu baada ya miaka sita. Hakuna aliyekufa. Barua hii dada yako Gatakaa ataipiga picha akirudi kwenye kibanda chake cha fotokopi pale Nchiru, aitume kwa simu yake, na ukijibu ataichapisha aniletee mwisho wa wiki. Aliniambia ningekupigia simu tu kama watu wengine. Hapo ndipo penye habari yenyewe. Simu siisikii. Sikio la kushoto lilikufa mwaka juzi. La kulia linasikia mtu akikaa karibu akasema polepole, lakini daktari amelipima akasema mishipa inakauka, na mwaka huu hautaisha kabla nalo halijafunga. Vile vifaa vya kuvaa sikioni nilijaribu, vinanipigia filimbi tu.

Sikuandikii kukuomba kitu. Nakuarifu, kwa kuwa mtoto ana haki ya kujua. Yale niliyoyasema mbele ya kanisa, kwamba mtu anayesujudia miungu ya kigeni si mwanangu, sijayafuta. Niliiona ile video ya pambano lako la ngumi za Kithai pale Meru mjini. Umepiga magoti ulingoni, kamba kichwani, unainamisha uso hadi chini mara tatu. Mimi ni mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hawezi kuwa na sheria moja ya majirani na nyingine ya nyumbani kwake.

Ukijibu, jibu kwa Kiswahili. Nilikifundisha miaka thelathini na mmoja na bado nakidai kwako.

Baba yako,
Mwalimu Muthamia


Buriram, Thailand,
3 Februari 2024

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye joto hili, ambapo hata maji ya bomba yanatoka kama ya chai. Mimi ni mzima, isipokuwa goti yangu ya kulia inauma kidogo. Nakula wali asubuhi, mchana na jioni, na jina langu wanalitamka "Kiungáa", kama wanaita paka. Wewe unaendeleaje? Habari ya sikio imenikalia kifuani tangu Gatakaa aitume. Nilisoma nikiwa kwenye mazoezi, nikakosa ngumi tatu.

Baba, wacha nikueleze ile kitu uliona kwenye video, kwa sababu siku ile hukunipa nafasi. Inaitwa wai kru. Wai ni kuamkia kwa viganja viwili pamoja, na kru ni mwalimu. Kabla ya pambano, bondia wa Kithai anazunguka ulingo, anapiga magoti katikati, anainama mara tatu. Anawashukuru waliomzaa na waliomfundisha. Ile kamba ya kichwani anavikwa na mwalimu wake, na mwalimu wake ndiye anaivua. Wako wanaoongeza sala za Kibudha, sikufichi. Mimi nasali kwa Mungu yule yule uliyenifundisha.

Na nina habari. Mwaka jana walikuja hapa kambini kutafuta wageni wa kupigwa kwenye filamu. Wakapata Mrusi mmoja, Wabrazili wawili na mimi. Filamu inatoka Aprili. Mwenye pesa alitaka wai kru ikatwe, akasema watazamaji watachoka, wanataka viwiko na damu. Mwongozaji, mama mmoja mfupi anayevaa kofia ya jua hata ndani ya nyumba, akakataa. Akasema kupiga kila mtu duniani anajua, lakini kuinama kwanza ndiyo Thailand. Basi akapiga picha yote, pamoja na sherehe ya hekalu kijijini, ngoma, zumari, akina mama wakipika wali kwa mvuke kwenye vikapu vya mianzi. Hawa watu wana akili, Baba. Mtu anakuja kutazama ngumi anaondoka ameionja nchi nzima. Kila mwezi hapa kambini wanashuka vijana kutoka Ufaransa na Brazili, ukiwauliza ni nini kimewaleta, wanasema ni filamu waliyoiona wakiwa wadogo. Na mimi si ni hivyo hivyo? Nilianzia kibanda cha video cha Mbae hapo sokoni Kiirua, na wewe ukija kunitoa na mshipi mkononi.

Mkataba wangu wa kufundisha hapa unaisha Julai. Agosti nitakuja.

Mwanao,
Kiunga


Kiirua,
25 Februari 2024

Kwa mwanangu Kiunga,

Salamu tena. Sijambo, na ndama anakua. Viazi vimeota vizuri ila fuko ameshajua njia.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya kwanza bila kalamu na ya pili na kalamu nyekundu. Umeandika "goti yangu ya kulia inauma". Goti LANGU LA kulia LINAUMA. Ngeli ya li-ya, Kiunga, darasa la nne! Umeandika "ile kitu". Nimekupa kumi na tatu kwa ishirini, na mbili kati ya hizo ni za mwandiko, ingawa najua ni mashine ya Gatakaa.

Maelezo yako ya kuinama nimeyasoma. Siyakubali wala siyakatai. Lakini nakiri Wathai wametuzidi kwa jambo moja. Sisi Wameru tukitengeneza filamu ya kupigana, tutawaonyesha wageni nini kabla ya ngumi ya kwanza? Labda wazee wawili wakibishania mpaka wa shamba, na miraa shavuni. Hatuna hata wimbo wa kumwimbia mwalimu. Mimi nilipostaafu nilipewa blanketi na sufuria.

Sasa nisikilize. Maneno ya karatasi hayana macho. Ukitaka kunieleza jambo hilo, njoo uketi kulia kwangu ulieleze kwa kinywa chako, wakati bado kuna pa kuliingizia. Hilo ndilo ninalolitaka. Nimelisema mara moja na sitalirudia.

Baba yako


Ugenini,
9 Juni 2024

Kwa Baba,

Salamu. Natumai barua hii inakukuta na nguvu, na fuko ameshikwa. Nisamehe kwa kukaa kimya miezi hii. Kazi zimekuwa nyingi, na simu ilikuwa mbovu kidogo.

Filamu ilitoka. Nilikuambia wataonyesha vizuri, lakini kwenye kukata wamenipunguza, sasa niko ndani dakika mbili tu. Ukikohoa umenikosa.

Kuhusu Agosti, mambo yamebadilika kidogo, wanataka niongeze muda. Nitajaribu Desemba. Sikio linaendeleaje? Mwambie Gatakaa akae upande wa kulia na asiongee haraka kama kawaida yake.

Goti LANGU LI ZIMA, usijali.

Mwanao,
Kiunga


Kiirua,
1 Septemba 2024

Kwa mwanangu mpendwa Kiunga,

Nakusalimu kwa furaha. Natumai u mzima na unalala vizuri. Agosti nzima, ingawa ulishasema Desemba, nilikuwa nikivaa koti kila gari lilipopunguza mwendo hapo njiani, nikijiambia ni baridi. Hukuja, nami nilikuwa nimekusudia kutokukuandikia tena. Lakini kuna jambo limetokea na siwezi kulinyamazia.

Wiki iliyopita Mbae aliandika kwa chaki kwenye ubao wake pale sokoni: MMERU NDANI YA THAILAND, SAA NANE. Kijiji kizima kilijua kabla yangu. Nilikaa nyumbani mpaka saa saba na nusu, nikachukua kofia, nikaenda. Naam, mimi, mzee wa kanisa, kwenye kibanda nilichokuwa nikikutoa kwa mshipi. Nilipoingia, nusu ya watu walisimama kama nimeingia darasani, kwa sababu niliwafundisha, na mmoja akazima sigara kwa kiganja. Wakanipa benchi la mbele, chini ya spika.

Unajua Mbae ndiye anayesimulia filamu hizo, watu wanamwita Dijei. Filamu inaongea Kithai chake, naye anaishusha sauti anaongea juu yake kwa Kiswahili, anamsemea kila mtu, mwizi, polisi, mama mkwe, hata tembo. Kiunga, spika zile zilipolia nilisikia! Kila neno. Ulikuwa mwaka mzima sijasikia sauti ya mtu kwa ukamilifu namna ile, bila kuinama na kukinga mkono sikioni. Nilicheka kabla sijajua ninachocheka.

Kisha ukatokea. Umekonda. Nilimwona yule mwalimu mzee wa Kithai akikuvika kamba, akakushika kichwa kwa mikono miwili na midomo yake ikisema kitu utosini mwako. Nikamkumbuka babu yako alivyokuwa akitutemea mate kifuani kutubariki tukienda safari, na mchungaji hakuwahi kusema neno. Wewe mimi sikukubariki ulipoondoka. Nikiwa bado na wazo hilo ukazunguka ulingo, ukapiga magoti, ukainama, na nikakusikia ukisema: "Baba, magoti yangu iko chini mbele yako. Kama nilikukosea nisamehe, unibariki nipigane."

Magoti yangu IKO chini! Yako chini, Kiunga, yako. Lakini kwa kosa hilo nikajua hapo si Mbae, ni wewe hasa, ni yule yule wa "goti yangu inauma". Nani mwingine duniani angeniomba msamaha kwa ngeli iliyopinda vile? Nililia mbele ya watu niliowachapa viboko. Ulipopigwa kiwiko ukaanguka nilikuwa nimesimama.

Leo kanisani nimeomba nafasi ya matangazo. Nimesema maneno yangu ya miaka sita iliyopita nayafuta, kwamba mwanangu ameniomba msamaha mbele ya ulimwengu nami nimemsamehe. Walipiga makofi, au nadhani walipiga, niliona mikono.

Nimekusamehe, mwanangu. Sasa njoo uniambie maneno hayo hayo bila spika. Sikio lililobaki linapungua kila wiki.

Baba yako mwenye furaha,
Muthamia


Ugenini,
15 Septemba 2024

Kwa Baba,

Salamu. Mimi sijambo. Natumai nawe hujambo.

Nimeisoma barua yako na nimeshindwa kulala. Ni lazima nikuambie ukweli, kwa sababu wewe ndiye ulinifundisha kwamba mtihani wa kuibia ni sifuri.

Mimi kwenye filamu hiyo sisemi kitu. Hata neno moja. Sikupewa maneno, wageni wa kupigwa hawapewi. Nilipiga magoti, nikainama, nikasimama, nikapigwa. Uliyemsikia ni Mbae. Hajui Kithai, anajitungia. Hata tembo humsemea, umeandika mwenyewe.

Na sikukuomba msamaha, Baba. Niombe msamaha wa nini? Ulinikana mbele ya watu mia tatu kwa sababu ya video ya sekunde arobaini. Niliomba nikueleze ukanifungia mlango. Nikapanda ndege bila mtu wa kunishika mkono. Sasa umesimama kanisani kunisamehe, watu wamekupigia makofi, na mimi nimegeuka mkosaji aliyetubu. Huo msamaha umpe Mbae, ndiye ameuomba.

Mwanao,
Kiunga


Ugenini,
13 Oktoba 2024

Kwa Baba,

Habari za siku hizi? Ni mwezi sasa. Gatakaa anasema uliisoma barua yangu, ukaikunja, ukaiweka ndani ya Biblia, na hukuomba kalamu nyekundu. Hilo la kalamu limeniogopesha kuliko kama ungenitukana.

Sikupaswa kuiandika vile. Ukweli ni ukweli, lakini ningeuleta kwa mikono miwili. Niandikie hata kama ni kunisahihisha.

Mwanao,
Kiunga


Kiirua,
27 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Kiunga,

Salamu. Mimi ni mzima wa mwili. Nawe uwe mzima.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naona haya, na haya ya uzeeni ni nzito kuibeba. Kwanza nilimwendea Mbae. Nikamwambia asimame, akasimama, mtu mzima mwenye watoto watatu. Nikamuuliza yale maneno aliyatoa wapi. Alinisogelea sikioni akapaza sauti mpaka soko likageuka:

"Mwalimu, mimi hiyo Kithai sijui hata moja! Niliona Kiunga amepiga magoti, nikaangalia hivi nikakuona umekaa hapo mbele na kofia. Sasa ningesema nini? Niseme jamaa amenyamaza tu? Ungeenda home vibaya, Mwalimu!"

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nilirudi nyumbani nikifikiri, na nilipofika kwenye geti nilikuwa nimeshajiona. Ile video niliyoiona miaka sita iliyopita, Kiunga, ilikuwa kwenye simu ya mtu, na simu yenyewe ilikuwa imezimwa sauti. Nilimwona kijana amepiga magoti, nami nikamsemea. Nikasema anaabudu sanamu. Nikayasema kwa kipaza sauti, watu wakayaamini kwa kuwa ni mimi niliyesema. Mbae alikutia kinywani maneno mazuri ya uongo ili mzee asiende nyumbani vibaya. Mimi nilikutia maneno mabaya ili nionekane mzee wa kanisa imara. Kati yetu wawili, Mbae ni afadhali.

Na si siku hiyo tu. Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mmoja, wageni wakikuuliza habari nikawa nakujibia mimi. Anataka kuwa mwalimu. Hapendi nyama. Amepoa. Sikumbuki kama niliwahi kukuuliza.

Kosa lilikuwa langu. Nisamehe, mwanangu. Hili nalisema kwa mkono wangu na hakuna aliyenisemea.

Mbae amejitolea kunitengenezea mambo. Anasema urekodi sauti yako uitume, aipige kwenye spika zile kubwa, nitakusikia vizuri. Nimekataa. Sitaki soko zima likusikie kabla yangu, na sitaki tena sauti yako ipitie kwa mtu. Nakutaka wewe, kulia kwangu, kwenye kiti cha mama yako. Gatakaa sasa hunisemesha mdomo ukigusa sikio, na neno moja kati ya matatu linaanguka njiani. Usingoje Desemba iishe. Niambie wewe mwenyewe ulikuwa ukisema nini ulipoinama.

Baba yako


Karurumo, Embu,
24 Novemba 2024

Kwa Baba yangu,

Nakusalimu kwa aibu. Natumai umeamka vizuri, na kwamba Gatakaa anakupa hii mkononi ukiwa umeketi.

Angalia pale juu palipoandikwa mahali. Si Thailand. Ni Karurumo, mwendo wa saa tatu kutoka kwako. Niko hapa tangu mwezi wa tano. Gatakaa mwenyewe hajui, kwa sababu namba yangu ya simu ni ile ile ya ng'ambo. Barua zote nilizoandika "Ugenini" niliziandika kwenye chumba cha nyuma cha Gichovi, yule rafiki yangu wa Embu tuliyefanya mazoezi naye nikiwa chuo hapo Nchiru.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilivunjika goti. Mwezi wa tatu nilipigwa teke ulingoni, goti likageuka upande usio wake. Walilipasua, likapona vibaya, sikuweza kufundisha tena, wakavunja mkataba. Nilishuka Nairobi nikapanda gari la Meru. Barabarani nilikuwa nikipanga nitakavyoingia nyumbani, na kila nilivyopanga nilikuwa nachechemea. Nikakuona umesimama mlangoni ukisema "niliwaambia". Tulipofika Karurumo nikamwomba dereva anishushe. Nikajiambia ni wiki mbili tu, mpaka nitembee sawa. Sasa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa, nageuza mbegu kwenye vitanda vya kukaushia, kazi ya kusimama, haihitaji goti kukunjwa. Wananiita Mthai.

Nilitaka nirudi kwako nikiwa mtu, kama yule wa kwenye filamu. Hata dakika mbili zile nilikuwa nazionea fahari. Kisha ukaniandikia ile barua yako ya msamaha, nikaona umempenda yule aliyezungumza kwenye spika, na mimi niko hapa na fimbo. Nilimwonea wivu Mbae. Ndiyo maana nilikujibu kwa ukali vile. Na hii ya mwisho, uliyoomba mimi ndiye nikusamehe, nimekaa nayo karibu mwezi mzima. Kila siku nilisema kesho nitapanda gari. Sina sababu nyingine, Baba, ni aibu tu.

Uliniuliza nilikuwa nasema nini nilipoinama. Kru kwa Kithai ni mwalimu. Yule mzee aliponiambia siku ya kwanza nifunge macho nimfikirie mwalimu wangu aliyenitangulia, niliyemwona ni wewe, umeshika chaki, mkono wa koti una vumbi jeupe. Sikuwa na mwingine. Kila pambano nilikuinamia wewe, na nilikuwa nasema, "Baba, niko hapa." Hayako mbali sana na ya Mbae. Ningekuambia hivyo Septemba ningekuwa nimesema ukweli pia, lakini nilichagua ukweli wa kukuumiza.

Nimekusamehe zamani. Nawe unisamehe kwa miezi hii sita. Jumamosi hii ya tarehe 30 nitakuja, kwa gari la kwanza. Nitaketi kulia kwako nikuambie yote kwa kinywa changu.

Mwanao,
Kiunga


Kiirua,
28 Novemba 2024

Kwa mwanangu Kiunga,

Nakusalimu, na nashukuru Mungu kwamba u karibu. Mimi ni mzima. Gatakaa aliniletea barua yako jana, hakungoja mwisho wa wiki, alifunga kibanda. Alikuwa amekasirika nayo na analia nayo. Anaituma hii leo hii, ikufikie kabla hujapanda gari.

Ni lazima nikuambie, usije ukalikuta nyumbani bila kujua. Sikio lilifunga tarehe kumi na saba, Jumapili, na nilimwomba Gatakaa aniachie nikuambie mwenyewe. Niliamka nikamwona jogoo juu ya ua amefungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na uwanja kimya. Nilidhani ni mgonjwa. Kanisani nilitazama watu wakiimba. Gatakaa ameweka mdomo sikioni mpaka nikausikia joto lake, lakini neno, hapana. Wiki moja, Kiunga. Ungekuja hata Jumamosi ya tarehe kumi na sita ningeyapata.

Sikulaumu peke yako. Mbae aliniletea njia, na spika anazo, nikaikataa kwa kiburi, eti soko lisikusikie kabla yangu. Soko lote lingesikia na mimi ningesikia. Kila asubuhi najiuliza ni kwa nini nilikataa na silipati jibu la maana.

Nikuambie pia jambo linalonisumbua. Nikisoma barua zako, zinasomeka kichwani mwangu kwa sauti. Na sauti hiyo si yako, ni ya Mbae. Ndiyo ya mwisho iliyoingia vizuri, ikakaa. Nimejaribu kuitafuta yako. Nimeketi kwenye kiti cha mama yako nikafumba macho nikaitafuta. Ninachokipata ni kijana wa miaka ishirini na miwili amesimama sebuleni akisema "Baba, wacha nikue..." na hapo nikamkatiza. Haiendelei. Nimeirudia mara nyingi na haiendi mbele ya hapo.

Hata hivyo njoo. Njoo na goti lako kama lilivyo, na fimbo, na hilo jina la Mthai. Keti kulia kwangu kama ulivyosema na unieleze yote, usiruke kitu. Nitakutazama mdomo mpaka umalize, na sitakukatiza. Kisha nitakubariki, kwa mate ya babu yako na kwa jina la Bwana, vyote viwili.

Ukifika usipige hodi. Sukuma mlango tu, nitakuwa nimeketi nikiutazama.

Baba yako